Je, vitabu vya Radhakrishnan kuhusu falsafa ya Kihindu bado vinategemewa?

Mwanafunzi wa Uzamili, Kampala

Ndugu zangu wasomaji, ninaomba maoni ya wale walioisoma falsafa ya Kihindu kwa undani kuliko mimi. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu jinsi wasomi wa India wa karne ya 20 walivyoieleza falsafa ya kwao kwa wasomaji wa nje, na sura yangu ya tatu imesimama juu ya Sarvepalli Radhakrishnan peke yake. Juzuu zake mbili za historia ya falsafa ya Kihindi, ya kwanza iliyotoka mwaka 1923 na ya pili mwaka 1927, ndizo zilizonifungulia mlango. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kuzisoma Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, katika tafsiri bila mwongozo wowote, nikatoka nimechoka na sina hata swali moja la maana la kuuliza. Baada ya kumsoma yeye niliweza kueleza kwa maneno yangu mwenyewe kwa nini Shankara, mwanafalsafa wa kale wa India, anashikilia kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu na Brahman, yaani ule Uhalisi wa mwisho usio na mipaka, si vitu viwili.

Tatizo lilianza nilipowasilisha rasimu. Msimamizi wangu aliirudisha na maneno machache pembeni mwa ukurasa, kwamba nimemchukua wakili nikamfanya shahidi. Maneno hayo yalinichoma kwa sababu sikuweza kuyajibu. Nilipokwenda kuwatafuta wahakiki wa Radhakrishnan nikakuta picha mbili zisizopatana hata kidogo. Katika ya kwanza, mwaka 1933 Mwingereza C. E. M. Joad anaandika kitabu kizima kumtambulisha kama mpatanishi wa fikra za Mashariki na Magharibi, mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Oxford kinampa kiti cha uprofesa cha Spalding cha Dini na Maadili ya Mashariki, na mwaka 1952 Paul Arthur Schilpp anamtolea juzuu katika ule mfululizo wa wanafalsafa walio hai ambao ulikwisha kuwashughulikia John Dewey, Bertrand Russell na Albert Einstein. Katika picha ya pili, Mjerumani Paul Hacker anamhesabu miongoni mwa watu wa kile alichokiita Uhindu Mamboleo, ambao kwa maoni yake walizijaza istilahi za kale maana za Ulaya. Naye Richard King, katika kitabu chake cha mwaka 1999, anamtaja miongoni mwa waliosaidia kujenga taswira ya Mashariki ya kimafumbo ambayo wakoloni wenyewe walikuwa wameianzisha.

Ninachotaka kujua ni hiki. Je, lawama hizo ni za haki, au ni za watu wa kizazi cha baadaye wanaomhukumu mtu kwa mizani ambayo hakuwa nayo? Na je, mtu anayesoma akiwa Uganda, ambaye si Mhindu wala si Mzungu, ana jambo lake mwenyewe la kusema katika ugomvi huu, au kazi yake ni kunukuu upande mmoja na kisha upande wa pili?

Mwalimu Mstaafu, Jinja

Mwanangu, swali lako ni zuri, nami nitalijibu kwa urefu kwa sababu nilifundisha historia ya dini kwa miaka mingi na vitabu hivyo viwili nilivitumia mpaka majalada yake yakaachana na kurasa. Kuna jambo moja ambalo ningependa ulitangulize katika sura yako, nalo ni mahali Radhakrishnan alipoanzia. Alizaliwa mwaka 1888 huko Tiruttani, kusini mwa India, akasomeshwa katika chuo cha wamisionari cha Madras, ambayo leo ni Chennai, na walimu wake, miongoni mwao A. G. Hogg, walikuwa Wakristo wenye elimu kubwa waliomwambia waziwazi kwamba Vedanta, yaani falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, haina nafasi ya maadili: ikiwa ulimwengu ni maya, yaani mwonekano tu, mtu ana sababu gani ya kutenda mema ndani yake? Tasnifu yake ya mwaka 1908, aliyoiandika akiwa na umri wa miaka 20 hivi, ilikuwa jibu kwa shutuma hiyo. Ukiyasoma maandishi yake ya miaka arobaini iliyofuata utaona kuwa hakuacha kamwe kuijibu. Hata alipofika kwa Albert Schweitzer, aliyedai katikati ya miaka ya 1930 kwamba fikra za Kihindi zinaukana ulimwengu na uhai, jibu alilolitoa katika kitabu chake cha mwaka 1939 ni lilelile la kijana wa Madras, ila sasa lina nguvu na mifano mingi zaidi. Kwa hiyo msimamizi wako amesema kweli kwamba Radhakrishnan ni wakili. Mimi ningeongeza tu kwamba aliitwa mahakamani na wengine, hakujipeleka.

Sasa tuje kwenye mapokezi yenyewe. Juzuu zake zilitoka London katika maktaba ya falsafa iliyosimamiwa na J. H. Muirhead, na wasomaji wa maktaba hiyo walikuwa wamelelewa katika udhanifu wa Hegel na Bradley, yaani falsafa inayoona kwamba uhalisi wa msingi ni wa kiakili. Radhakrishnan aliwajua vizuri. Ndiyo maana Shankara katika kurasa zake huzungumza akiwa amezungukwa na Plato, Plotino, Kant na Bradley, na ndiyo maana kitabu kilipokelewa kwa furaha na watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba India ilikuwa na falsafa yenye hoja. Manung'uniko yalikuwepo tangu mwanzo, kwamba mifano ya Ulaya ni mingi mno na kwamba mwandishi anafasiri mahali anapopaswa kueleza. Yeye hakuyanyamazia. Mwaka 1926 aliandika makala katika jarida la Mind kuwajibu wahakiki wake, akatetea msimamo kwamba mwanahistoria wa falsafa si karani wa kunakili kauli za wahenga, bali ni lazima aingie katika tatizo lililowasumbua na kulifikiri upya. Mimi bado naona utetezi huo una uzito. Linganisha na Surendranath Dasgupta, ambaye juzuu yake ya kwanza ilitoka Cambridge mwaka 1922 na ya tano mwaka 1955, baada ya yeye kufariki. Dasgupta anakupa matini, anakupa mabishano ya shule ndogondogo ambazo hakuna mwingine aliyejishughulisha nazo, na wanafunzi wangu walisinzia. Radhakrishnan aliwaamsha. Lakini mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na kuna mahali ambapo ngozi ilivutwa mpaka sauti ya ngoma ikabadilika.

Mahali pa wazi zaidi ni sura zake kuhusu Budha. Radhakrishnan alishikilia kwamba Ubudha wa mwanzo ni fikra za Upanishadi zilizosemwa upya kwa mkazo mwingine, na kwamba Budha aliponyamaza kuhusu nafsi ya milele hakuwa anaikana, bali alikataa kuifungia katika maneno. Sasa ifungue mihadhara ya kale ya Kibudha uone. Mtu anachambuliwa katika mafungu matano, yaani mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu, na kila fungu linaangaliwa na kukataliwa: hili si langu, hili si mimi, hili si nafsi yangu. Wabudha walibishana na wafuasi wa nafsi kwa zaidi ya miaka elfu moja juu ya jambo hili, na Shankara mwenyewe aliwakanusha kwa ukali. Kusema kwamba pande zote zilikuwa zikisema jambo moja ni kuwanyang'anya wote wawili ugomvi wao. Hapa nadhani wahakiki wamemshinda.

Kuhusu Hacker, uwe mwangalifu. Wazo lake la ujumuishi, yaani tabia ya kuichukua imani ya mwingine na kudai kuwa tayari imo ndani ya imani yako, tena katika daraja la chini, ni chombo kikali na kinafaa kwa mfano huu wa Budha. Hata hivyo Hacker naye alikuwa na upande wake. Aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1962, na Wilhelm Halbfass, ambaye alihariri makala zake kwa Kiingereza mwaka 1995, anakiri thamani ya kazi yake bila kuficha kwamba mabishano yake na Uhindu Mamboleo yalikuwa pia mabishano ya muumini. Usimwache nje R. C. Zaehner, aliyekirithi kiti cha Radhakrishnan pale Oxford. Mwaka 1953, katika mhadhara wake wa kwanza, alipinga wazo lenyewe kwamba kazi ya chuo kikuu ni kuzipatanisha dini. Fikiria jambo hilo: kiti hakijapoa, na anayekikalia anasema kwamba lengo la kiti halikubaliki.

Lawama ninayoiona kuwa nzito kuliko zote imetoka India, wala haihusu ukoloni. Katika miaka ya 1960 Daya Krishna aliandika kwamba falsafa ya Kihindi imefunikwa na hadithi tatu zisizochunguzwa, mojawapo ikiwa ni kwamba falsafa hiyo kiini chake ni roho na ukombozi wa roho. Bimal Krishna Matilal, aliyekikalia kiti kilekile cha Spalding kuanzia mwaka 1976 hadi kifo chake mwaka 1991, alitumia maisha yake kuonyesha upande uliofichwa na hadithi hiyo: wanamantiki wa shule ya Nyaya, waliouliza tunajuaje tunachokijua, wakataja njia nne za maarifa, yaani kuona kwa hisi, kuhitimisha kwa hoja, kulinganisha na ushahidi wa msemaji wa kuaminika, kisha wakapigana na Wabudha juu ya kila mojawapo. Mfano wao maarufu ni wa mlima wenye moshi. Mlimani kuna moto, kwa sababu kuna moshi. Palipo na moshi pana moto, kama jikoni. Mlima huu una moshi. Kwa hiyo una moto. Hatua hizo, dai lenyewe likihesabiwa kama ya kwanza, ni tano, na karne nyingi za uchambuzi zimejengwa juu yake. Radhakrishnan aliipa Nyaya sura ndefu katika juzuu ya pili, hilo lazima lisemwe, lakini msomaji anafika mwisho akiwa na hisia kwamba mantiki ilikuwa ukumbi wa kupitia tu kuelekea chumba cha Shankara.

Kuna pia suala la Jadunath Sinha, ambalo utalikuta katika kila mjadala. Mwaka 1929 Sinha alidai hadharani kwamba sehemu za tasnifu yake zimeingizwa katika juzuu ya pili bila kutajwa. Radhakrishnan alikanusha, akisema kufanana kunatokana na wote wawili kutumia matini zilezile za Kisanskriti. Kila upande ulimshtaki mwenzake mjini Kolkata, na mwaka 1933 mashauri yalimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama, bila hukumu. Litaje kwa sentensi mbili kisha uendelee, kwa sababu halikusaidii kujua kama anachosema kuhusu Vedanta ni kweli.

Mama wa Mbale

Mwalimu, heshima yangu kwako, na kwako pia mwanafunzi. Mimi si msomi wa falsafa, lakini ni Mhindu niliyezaliwa Uganda. Babu yangu alikuja kutoka Gujarat akafungua duka la nguo; familia yetu ilifukuzwa mwaka 1972 pamoja na wengine, na baadhi yetu tulirudi katika miaka ya 1990. Nyumbani kwetu tunafuata njia ya Swaminarayan, mwalimu wa dini wa Gujarat. Nataka kusema jinsi Radhakrishnan anavyosomeka na mtu ambaye dini inayoelezwa ni yake.

Nilikipata kitabu chake kidogo cha mwaka 1927, kile kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Oxford mwaka 1926 kuhusu mtazamo wa Kihindu wa maisha, nikiwa msichana wa shule. Nilifurahi mno, kwa kuwa wenzangu darasani walizoea kuniuliza kwa nini tunaabudu masanamu, na hapa palikuwa na mtu aliyewajibu wakubwa wa Uingereza kwa Kiingereza chao bila kuomba radhi. Furaha hiyo sitaikana. Lakini nilipofika mahali anapowapanga waabuduo kwa madaraja, niliacha kusoma siku kadhaa. Juu kabisa anawaweka wanaoabudu Uhalisi usio na umbo. Chini yao ni wanaomwabudu Mungu mwenye nafsi. Kisha wanaoziabudu avatari, yaani Mungu aliyeshuka katika umbo la kidunia, kama Rama, Krishna na Budha. Kisha wanaoabudu wahenga, miungu na wenye hekima. Na mwisho kabisa wanaoabudu nguvu ndogondogo na pepo. Nilimtazama bibi yangu, aliyeamka kila alfajiri kumwosha Bwana wake, kumvika na kumpa chakula kabla yeye mwenyewe hajaonja kitu, nikajiuliza ni nani aliyemweka mama huyu kwenye kidato cha pili au cha tatu.

Jambo ambalo Mwalimu hakuligusa ni kwamba madaraja hayo si fundisho la Wahindu wote. Ni fundisho la wafuasi wa Shankara. Ramanuja, ambaye mapokeo yanasema aliishi tangu mwaka 1017 hadi 1137, aliandika ufafanuzi mrefu akiwakanusha hoja kwa hoja. Kwake yeye Mungu mwenye nafsi ndiye Brahman mwenyewe, na nafsi zote pamoja na ulimwengu ni kama mwili wake. Hakuna kitu kisicho na sifa kilichofichwa nyuma yake. Swaminarayan, katika waraka wake wa maadili wa mwaka 1826, alitamka wazi kwamba msimamo anaoukubali ni huo wa Ramanuja, na sisi tunafundishwa kwamba Bwana ana umbo la kimungu milele, na kwamba nafsi iliyokombolewa humtumikia pasipo kuyeyuka ndani yake. Radhakrishnan anajibu kwamba Mungu ni Uhalisi uleule ukitazamwa kutoka upande wa ulimwengu. Maneno hayo ni ya upole, lakini maana yake ni kwamba Ramanuja aliona nusu na Shankara akaona yote. Hata mfumo wa matabaka aliutetea katika kitabu hichohicho kama njia ya kale ya kuwaunganisha watu wa asili mbalimbali, na hilo nalo waliowekwa chini hawakuulizwa.

Ninaomba mwanafunzi asiandike kwamba Radhakrishnan aliupotosha Uhindu kwa sababu ya Uzungu. Andika kwamba alisema kwa niaba ya nyumba nzima akiwa amesimama katika chumba kimoja.

Msomaji wa Gulu

Nimesoma maelezo ya Mama wa Mbale mara tatu, na nadhani ndani yake kuna jibu la swali la mwisho la mwanafunzi, lile la msomaji wa Uganda ana jambo gani la kusema. Tazama vidato viwili vya chini katika ngazi hiyo. Wahenga. Pepo. Hao ni sisi. Ni abila, yaani madhabahu ya wahenga, ya Waacholi, ni mizimu ya Waganda, ni kila mzee aliyepeleka mbuzi kwenye kaburi la baba yake. Radhakrishnan hakuwa akiifikiria Afrika alipoandika, lakini ngazi yake haina mipaka ya nchi: imejengwa ili kila ibada duniani ipate mahali, na mahali petu pamekwisha kuamuliwa kabla hatujaingia.

Hapa Uganda tayari tumeshawahi kuwa na mjadala wa namna hii. Okot p'Bitek, katika uchunguzi wake wa mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika mikononi mwa wasomi wa Magharibi, aliwashutumu hata wasomi wa Kiafrika wa wakati wake, John Mbiti aliyekuwa akifundisha Makerere akiwamo, kwamba wameivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili Wazungu waitambue na kuiheshimu. Mfano wake unaokumbukwa sana ni ule wa mapadri wa Kiitaliano waliowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911 nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, swali likageuka kuwa nani aliyewafinyanga, na mzee mmoja, akikumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupindwa mgongo na ugonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, akajibu kuwa ni Rubanga, kwa kuwa huyo ndiye aliyesemwa kuusababisha ugonjwa huo. Tangu hapo jina la jok, yaani roho, wa kibiongo likawa jina la Muumba katika sala za Kikristo.

Mafunzo ya kisa hicho kwa mjadala wetu ni kwamba swali la mgeni huweza kuibadilisha dini ya mwenyeji kupitia kinywa cha mwenyeji mwenyewe, bila mtu yeyote kusema uongo. Hogg aliuliza: je, Vedanta ina maadili? Joad na wenzake waliuliza: je, ina Uhalisi mkuu kama wetu? Radhakrishnan akajibu ndiyo, ndiyo, kwa uaminifu wote, na majibu yake yakawa ndiyo falsafa ya Kihindu kwa dunia nzima. p'Bitek naye alisoma Oxford, na alirudi akiwa na hasira ambayo Radhakrishnan hakuwa nayo. Mwanafunzi, sura yako ikiwaweka watu hawa wawili meza moja, hakuna msimamizi atakayesema umenukuu tu.

Mwalimu Mstaafu, Jinja

Ndugu wa Gulu, ulinganisho wako umenifurahisha, lakini sikubaliani nao wote, na ningependa mwanafunzi asiuchukue bila kuupima. p'Bitek alikuwa na nguvu kwa sababu aliweza kuonyesha kwamba Muumba wa mapadri hakuwamo katika fikra za Waacholi kabla ya swali kuulizwa. Ngazi ya Radhakrishnan haiko hivyo. Katika karne ya 14 Madhava alitunga muhtasari wa mifumo 16 ya falsafa, akaanza na Charvaka, wale wayakinifu wanaokubali tu kile kinachoonekana kwa hisi, akapanda mfumo hadi mfumo, na mfumo wa Shankara ukakaa mwisho kama kilele. Karne ya 16 Vijnanabhikshu akaipanga upya mifumo hiyo kwa namna yake, safari hii akimpinga Shankara. Andrew Nicholson, katika kitabu chake cha mwaka 2010, ametumia mifano ya aina hii kuonyesha kwamba jitihada za kuziunganisha shule za Kihindu chini ya paa moja zilianza kabla Waingereza hawajatawala India. Kwa hiyo anayesema ngazi hiyo ililetwa kutoka Oxford anakosea karne kadhaa. Kilichokuja na wakati wa Radhakrishnan ni hadhira mpya, pamoja na neno uvumilivu, ambalo liliigeuza ngazi ya mabishano kuwa ngazi ya ukarimu.

Na tusisahau kwamba yeye si mtu wa mbali na sisi kabisa. Mwaka 1956, akiwa Makamu wa Rais wa India, alifika Nairobi kufunua sanamu ya Gandhi katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wa kizazi hicho alikuwa mtu wa kuonekana na kusikika kabla ya kuwa jina katika jalada la kitabu, na hilo pia ni sehemu ya mapokezi yake.

Mama wa Mbale

Mwalimu, ninakubali kwamba ngazi ilichongwa India. Baba yangu alikuwa na picha ya Radhakrishnan dukani, karibu na ile ya Gandhi, na sikumbuki hata mara moja akisema kwamba mtu huyo alitudharau. Lakini Madhava alipomweka Shankara kileleni, wafuasi wa Ramanuja walikuwa na shule zao, waandishi wao na mahekalu yao, wakajibu siku ileile na kwa lugha ileile. Radhakrishnan alipoweka ngazi hiyo mbele ya wasomaji wa London, hakukuwa na mfuasi wa Ramanuja kwenye kiti cha Oxford wa kumjibu. Tofauti hiyo ndiyo ninayoiona, nami naiona kubwa.

Mwanafunzi wa Uzamili, Kampala

Ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimeifuta rasimu ya zamani. Sura mpya itaanza na tasnifu ya mwaka 1908 na swali la walimu wa Madras, kama Mwalimu alivyoshauri, kisha itashika mahali pawili tu badala ya kukimbia juu ya yote: sura za Budha, na ile orodha ya waabuduo ya mwaka 1927. Kwa orodha hiyo nitaeleza kwanza Madhava, halafu jibu la Ramanuja, halafu p'Bitek, nikiwa wazi kwamba p'Bitek anatufaa kuhusu nguvu ya swali la mgeni lakini hatufai kuhusu asili ya ngazi yenyewe. Nyaya na hoja ya Matilal nitaziacha kwa sura ya nne, maana nimegundua kwamba siwezi kuzieleza kwa haki katika kurasa tano.

Limebaki ombi moja. Maktaba ninayoitumia ina juzuu ya kwanza ya Dasgupta peke yake. Je, kuna anayejua ni juzuu ipi inayomshughulikia Ramanuja, na kama kuna mtu aliye nayo karibu na Kampala?

Mwalimu Mstaafu, Jinja

Ni juzuu ya tatu, ya mwaka 1940. Ndani yake utamkuta Ramanuja, Nimbarka, na Vijnanabhikshu pia; Madhva (si yule Madhava wa muhtasari) na Vallabha wamo katika ya nne. Ninayo ya tatu, ila kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Sura ya Ramanuja ni nzima. Nitakuja Kampala Jumamosi ijayo na nitaibeba.